Mtoto Kakesha, Mama Alale Vipi? Tuhesabu Kutoka Kumi

Kila anayeingia kumwona mzazi huanza na swali moja: "Mtoto analala?" Swali halina ubaya. Lakini mtazame anayeulizwa: macho mekundu, kanga imekaa upande, bega moja limelowa maziwa, chai aliyomiminiwa asubuhi imepoa mezani na sasa ni saa tisa alasiri. Hakuna anayemgeukia akamuuliza, "Na wewe je, umelala?"

Orodha hii ni ya swali hilo la pili. Tutashuka kutoka kumi hadi moja, tukianza na mepesi na kumalizia na mazito, na kila namba tutaivalisha kanga yake. Sisi wanawake wa pwani tuna mambo mengine hatuyasemi kwa mdomo, tunajifunga kiunoni tukapita nayo.

10. Mtoto hana kosa, ana umri

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto wa chini ya miezi mitatu alale saa 14 hadi 17 kwa siku. Mzazi akisoma hapo atauliza, hizo saa 17 anazilalia wapi, kwa jirani?

Anazilalia nyumbani, ila vipande vipande. Saa mbili hapa, saa tatu pale, mchana na usiku bila upendeleo. Tumbo lake ni dogo, maziwa ya mama yanasagika upesi, na saa ya mwilini inayotenganisha usiku na mchana bado haijaanza kufanya kazi. Hiyo hujengeka taratibu kuanzia mwezi wa pili au wa tatu. Kilio nacho kina njia yake: huongezeka kuanzia wiki ya pili, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupungua kadiri mwezi wa tatu na wa nne unavyoingia. Na hupenda sana jioni, pale wageni wanapokaribia.

Kwa hiyo, dada, hujamharibu mtoto kwa kumpakata. Hujamzoesha vibaya. Bado anajifunza dunia.

Kanga yake: SIJAMDEKEZA, NDIO KWANZA AMEFIKA.

9. Madaktari wa barazani

Mtoto akilia usiku, kukicha mtaa mzima una jibu. Jirani wa kulia anasema chango. Wa kushoto anasema kapigwa jicho, mpake wanja. Wa nyuma ya ua anasema anaota meno, na mtoto mwenyewe ana wiki tano! Meno ya kwanza huja karibu na mwezi wa sita, mama, hayo ya wiki ya tano ni ya nani?

Madaktari nao wana maelezo ya kilio hiki. Mwaka 1954 daktari wa watoto Morris Wessel na wenzake huko Marekani waliweka kipimo ambacho bado kinatajwa: mtoto mwenye afya anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Ananyonya, anaongezeka uzito, ila jioni anaangua kilio hadi majirani wanafungua madirisha. Hali hiyo hupita yenyewe. Wanja muache kabatini, kwa sababu wanja wa kienyeji mara nyingi una madini ya risasi, na risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto.

Yapo ya kukukimbiza hospitali usiku huohuo bila kungoja ushauri wa ua: homa kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, kukataa kunyonya, kutapika kijani, kulegea mwili, kupumua kwa shida. Nje ya hayo, wapokee washauri wako kwa salamu njema, kisha uwape kazi.

Kanga yake: USHAURI NIMEUSIKIA, SASA NISHIKIE MTOTO.

8. Kahawa, lakini kwa saa yake

Hakuna anayekunyima kikombe. Mama aliyekesha anahitaji kitu cha moto cha kumrudisha duniani, na kahawa yenye tangawizi pamoja na kashata inafanya kazi hiyo kwa heshima zote. Shida ni kwamba kafeini hupita kwenye maziwa, ingawa kwa kiasi kidogo, na mwili wa mtoto mchanga hauna haraka ya kuitoa. Mtu mzima huondoa nusu yake ndani ya saa tano hivi. Kwa mtoto aliyezaliwa juzi, nusu hiyo inaweza kuchukua siku tatu. Ndiyo, siku tatu!

Wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya wanamruhusu mama anayenyonyesha hadi miligramu 200 za kafeini kwa siku, ambazo ni kama vikombe viwili vya kahawa. Chai ya rangi nayo inahesabiwa, na soda za kola pia. Kunywa asubuhi, mara tu baada ya kunyonyesha. Kikombe cha saa mbili usiku kinamnyima usingizi mama mwenyewe kabla hata mtoto hajapata zamu yake.

Kanga yake: KAHAWA YA ASUBUHI RAFIKI, YA USIKU MCHOKOZI.

7. "Mpe uji mzito, atalala fofofo"

Huu ushauri umezaliwa kabla yetu, na anayeutoa anakupenda kweli. Msikilize, mshukuru, usiufuate. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Tumbo la mtoto wa miezi miwili halijawa tayari kwa uji wa lishe wa nafaka saba, na kuhara kunakomjia baadaye kutawakesha nyote kwa sababu mbaya zaidi. Asali nayo ingoje mpaka atimize mwaka, kwa kuwa inaweza kubeba vimelea vyenye sumu inayolegeza misuli ya mtoto mchanga.

Hapa sasa naomba tuzungumze bila mzaha. Kuna dawa za mafua na za mzio zinazosinzisha, na kuna watu wanaompa mtoto kijiko ili nyumba ipate kimya. Usifanye, na usiruhusu anayekusaidia kazi afanye. Kinachomlaza mtoto kwa njia hiyo kinaweza kudumaza pumzi yake, na mtoto mchanga hana pumzi ya akiba. Historia imekwishatuonya: dawa ya tumbo ya watoto iliyotengenezwa na William Woodward huko Uingereza mwaka 1851, ambayo vizazi vya akina mama viliisifu kwa kutuliza, ilikuwa na kilevi ndani yake.

Kanga yake: ALALE KWA KUSHIBA, ASILALE KWA KULEWESHWA.

6. Mbeleko, mwalimu asiyezeeka

Bibi zetu walimfunga mtoto mgongoni wakapepeta mchele, wakachota maji, wakaenda shamba, na mtoto akasinzia safari nzima. Sayansi ilifika baadaye na kukubaliana nao. Mwaka 1986 watafiti wa Montreal, Urs Hunziker na Ronald Barr, waliwaomba wazazi waongeze muda wa kumbeba mtoto kila siku, hata pale asipolia. Watoto hao walipofika wiki ya sita, kilio chao kilikuwa pungufu kwa asilimia 43 kuliko cha wenzao.

Tatizo, kila mama analijua, liko kwenye kutua. Mtoto amelala mgongoni, kichwa kimeegemea, mate yanachuruzika. Unakaa ukingoni mwa kitanda. Unafungua fundo la kanga taratibu, unamzungusha kwa ubavu, unamteremsha. Matako yamegusa godoro, mgongo umegusa, sasa umebaki mkono wako chini ya kisogo. Unauchomoa kidole baada ya kidole. Kidole cha mwisho kinatoka, goti lako linalia ka! na macho mawili makavu yanakutazama kama ya mwenye nyumba anayedai kodi.

Watafiti wa Japani walilishughulikia hilohilo mwaka 2022, na jibu lao ni rahisi kufuata. Tembea naye dakika 5 bila kusimama wala kugeuka ghafla. Akishalala, usimlaze bado: keti naye dakika 5 hadi 8 nyingine, usingizi uzame. Waliona kwamba watoto wengi huamshwa na kule kutengana na mwili wa aliyewabeba, na anayelazwa akiwa bado kwenye usingizi mwepesi ndiye anayeamka.

Na zingatia hili: hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba mgongo huo lazima uwe wa mama.

Kanga yake: MBELEKO HAICHAGUI MGONGO.

5. Usiku uwe usiku

Tuseme uko Dar, mwezi wa pili, joto halisemeki. Umemnyonyesha, umemlaza, feni inazunguka vizuri. Umeme unakatika. Feni inazima, macho ya mtoto yanawaka!

Umeme hatuna amri nao, lakini yaliyo mikononi mwetu yapo. Anapoamka saa nane usiku, tumia taa ndogo, sauti ya chini, mnyonyeshe, acheue, arudi kulala. Nepi ibadilishwe kama amejisaidia haja kubwa au imelowa sana, vinginevyo mwache. Usimchekeshe, hata akikupa lile tabasamu lenye ufizi mtupu, na ni mtihani mgumu, nakubali. Simu iwekwe mbali, kwa sababu mwanga wake unakuamsha wewe, na habari za watu zinakuamsha zaidi.

Asubuhi fanya kinyume. Fungua dirisha, mpeleke barazani apate mwanga, ongea naye, kelele za nyumba ziendelee. Hivyo ndivyo saa ya mwilini inavyojifunza. Maziwa yako nayo yanasaidia kufundisha: ya usiku yana melatonini, homoni ya usingizi, ambayo ya mchana karibu hayana. Kwa wanaokamua na kuhifadhi, andikeni saa kwenye chupa. Maziwa ya usiku yanywewe usiku.

Kanga yake: USIKU NI WA KUNYONYA, HADITHI KESHO.

4. Mahali pa kuangukia

Mama aliyechoka atasinzia. Hilo si la kujadili, cha kujadili ni wapi. Mahali pa hatari kuliko pote ni kochi. Unakaa "dakika mbili tu" unyonyeshe, usingizi unakupitia, na mtoto anateleza kati ya mkono wako na mto. Ukihisi kichwa kinaanguka, ondoka kochini na uende kitandani palipoandaliwa: godoro gumu, mito na mablanketi mazito yawe mbali na mtoto, chandarua kimechomekwa vizuri chini ya godoro. Aliye salama zaidi ni mtoto anayelala sehemu yake mwenyewe pembeni mwa mama. Na kama kuna aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyemeza dawa ya usingizi, asilale kitanda kimoja na mtoto.

Mlaze chali, kila mara. Bibi atasema atapaliwa, na hofu yake inatokana na upendo, lakini mtoto mwenye afya hapaliwi zaidi kwa kulala chali. Marekani ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa karibu nusu.

Kanga yake: KOCHI NI LA WAGENI, MWANANGU ANA KITANDA.

3. Baba yupo, tumwamshe

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini ana haki ya hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Baba anapata siku 3. Kenya wamemfikisha wiki 2. Siku tatu, jamani! Hata kitovu hakijakauka.

Lakini sheria inahesabu siku za kazini, haihesabu usiku. Usiku baba ni mali ya nyumba. Mwambie waziwazi, bila mafumbo: mimi nanyonyesha saa tatu usiku kisha nalala, mtoto ni wako mpaka saa saba. Akilia, mpakate, mbadilishe nepi, tembea naye zile dakika tano. Akitaka ziwa, mlete kitandani anyonye, kisha umchukue wewe, umcheulishe na umlaze wewe. Mama akipata saa nne za usingizi mzito zinazofuatana, atapambana na yaliyobaki akiwa mtu kamili.

Na wewe mama mkwe, ukimkuta mwanao kajifunga mbeleko saa sita za usiku, usimwonee huruma. Mpongeze. Umelea.

Kanga yake: UBABA HAUISHI SIKU YA TATU.

2. Uchovu ukiacha kuwa uchovu

Hapa kicheko kipumzike kidogo. Uchovu wa kawaida una dalili moja njema: ukipata nafasi ya kulala, unalala. Mtoto akilala fofofo, nyumba imetulia, na wewe unakodolea dari usiku hadi usiku, hiyo ni habari nyingine. Vivyo hivyo ukilia kila siku bila sababu unayoweza kuitaja, ukikosa hamu ya chakula na ya watu, ukimtazama mtoto bila kuhisi chochote, au ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru. Hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua. Ni ugonjwa, una tiba, na haumaanishi kwamba humpendi mwanao. Wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto halingoji kesho: mwambie mtu aliye karibu sasa hivi, aende nawe hospitali.

Mlango wa msaada uko karibu kuliko unavyodhani. Mtoto anapelekwa kliniki kuchanjwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Muuguzi anampima uzito, anajaza kadi, anakwambia mtoto anaendelea vizuri. Usinyanyuke. Mwambie, "Mtoto mzima, mimi ndiye niliyezidiwa." Tangu mwaka 1987 kuna dodoso lililotengenezwa Edinburgh, maswali 10 tu, linalowasaidia wahudumu kumtambua mama mwenye sonona. Omba pia upimwe damu, kwa kuwa upungufu wa damu baada ya uzazi unaleta uchovu usioondoka hata ulale vipi.

Na siku kilio kikikupanda kichwani hadi mikono inatetemeka, mweke mtoto chali mahali salama, toka nje ya chumba, vuta pumzi, mpigie mtu simu. Kulia dakika kumi hakutamdhuru. Kutikiswa kunaweza kumuua. Mama anayetoka chumbani wakati huo anamlinda mwanawe.

Kanga yake: NIMEZIDIWA, NISINDIKIZE KLINIKI.

1. Arobaini moja haitoshi

Tumefika. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na hawakuishia kusema, walitengeneza utaratibu. Mzazi alikaa ndani siku 40. Alikandwa kwa maji ya moto, akafungwa mkaja tumboni, akaletewa uji wa pilipili manga na supu ya kuku wa kienyeji. Mtoto aliogeshwa na shangazi au bibi. Mama alikuwa na kazi mbili: kunyonyesha na kulala. Kwa hiyo mtu akimwambia mzazi wa leo, "Lala mtoto anapolala," amenukuu nusu ya utaratibu. Zamani alilala kwa sababu kuna aliyekuwa anafua nepi. Ukitaka alale, fua.

Sasa weka hesabu ya namba kumi kando ya hesabu ya arobaini. Kilio cha mtoto hufika kileleni wiki ya sita, yaani karibu siku ya 42. Arobaini inaisha siku ya 40. Mama mzazi amefunga mizigo, amepanda basi la Tanga. Wifi amerudi kwake. Sufuria la uji limeoshwa na kufunikwa. Mzazi anabaki peke yake mlangoni juma lilelile ambalo kilio kinazidi kuliko mengine yote! Na wengi mjini hata hiyo arobaini ya kwanza hawakuipata. Wamejifungua, wamerudi chumba cha kupanga, na ndugu wako mikoani.

Ninachosema ni hiki, na ndicho namba tisa zote zilikuwa zinakielekea: usingizi wa mama ni kazi ya watu wanaomzunguka. Hakuna mbinu ya taa, ya kahawa wala ya mbeleko itakayomtosha mtu mmoja aliyeachiwa mtoto usiku na mchana. Kwa hiyo tuigawe arobaini. Wote msijazane wiki ya kwanza kula pilau ya mzazi. Mmoja aje sasa, mwingine wiki ya sita, mwingine ya nane. Shoga wa kazini achukue Jumamosi asubuhi. Jirani amchukue mtoto saa moja baada ya kunyonya, amzungushe ua mzima. Asiye na muda alete chakula kilichokwisha kupikwa. Aliye mbali atume ya kumlipa mtu wa kufua.

Na wewe mzazi, wakisema, "Ukihitaji chochote sema," wasichoke kukusikia. Sema. Taja siku, taja saa, taja beseni la nguo lilipo. Wakija, mpe mtoto, funga mlango wa chumbani, lala.

Kanga yake, na hii mnunue doti nzima mgawane: UMEKUJA KUMWONA MTOTO? MSHIKE, MAMA YAKE AKALALE.